Namba ya Simu Kwenye Mfuko wa Mbegu

Marehemu Valentino Oyet alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kambi ya polisi ya Naguru, Kampala, mtoto wa kwanza wa Sajini Ongom na Mama Lakica. Mimi ni Ayot, mdogo wake. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu watoto wake wangemsifu mno.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Naguru, na mwaka 1982 akahitimu shahada ya kilimo Makerere. Alikuwa bwana shamba Lira hadi mwaka 1994, alipoajiriwa na Kampuni ya Mbegu ya Jembe Jipya, Nakawa. Aliiongoza akiwa mkurugenzi mkuu tangu 2003 hadi alipostaafu 2021.

Mwaka 1986 alimwoa Shamim, binti wa mwenye duka wa Kisugu. Kila mmoja alibaki na dini yake. Ramadhani alifunga siku ya kwanza tu, kwa heshima ya mkwewe, na siku hiyo mtaa mzima ulijua kwamba Oyet amefunga.

Kosa lake kubwa hakulificha, nami silifichi. Machi 2008 mvua ziliwahi. Watu wa Pader, kaskazini mwa nchi, ndio kwanza walikuwa wametoka katika kambi za wakati wa vita, wakirudi kulima kwao baada ya miaka mingi. Marehemu aliruhusu mbegu za mahindi zitoke ghalani kabla ya majibu ya jaribio la uotaji. Hazikuota. Alikwenda mwenyewe kuomba radhi, na mbegu nyingine garini, lakini mvua ya kupandia ilikuwa imepita. Mkulima mmoja, Mama Akwero, alimwambia kwa Kiswahili, maana Kiacholi cha kaka yangu kilikuwa cha kubahatisha:

"Wewe mukubwa, mbegu imekataa, watoto watalala njaa. Mwaka ujao ikikataa tena, mimi napigia nani?"

Msimu uliofuata kila mfuko ulitoka na namba yake ya simu, yake mwenyewe, si ya ofisi. Wenzake walimcheka. Simu ilimkatizia chakula, misa, hata harusi ya bintiye. Mama Akwero alipiga kila Aprili kumwambia kama imeota.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025, nyumbani kwake Kisugu. Ameacha mjane, Shamim, watoto wawili, Farouk na Aol, wajukuu wanne, na mimi.

Alhamisi simu yake ililia, nikaipokea mimi.

"Mzee, imeota yote," alisema Mama Akwero.

Nikamweleza.

"Basi mwambie tu," akasema. "Mwambie imeota."

Hapo ndipo nilipolia.

Kaka, imeota yote. Sasa pumzika.