Mjane wa Darajani

Katika tramu ya jiji la Łódź, Poland, Halszka alimsikia kijana akiuponda mchezo wa kompyuta wa mazimwi ambao Halszka mwenyewe alishiriki kuuandika. "Sehemu ya pili bure kabisa, mama! Porojo tupu, vita hakuna."

Mama aliyeketi kando ya kijana, ambaye hawakujuana, akauliza, "Yule mjane wa darajani mchezoni, ulimsikiliza?"

"Nilimpita tu. Hana hata upanga wa kunipa."

"Mimi nilimsikiliza mpaka mwisho, mwanangu. Kisha nikampigia simu dada yangu. Tulikuwa tumenuniana miaka sita."

Kijana akasema, "Lakini mazimwi ni machache, kubali."

"Machache, kweli. Ila mrudie mjane."

Tramu ikasimama. Halszka, aliyemwandika mjane huyo, na ambaye asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kuacha kazi, akashuka akitabasamu peke yake kama chizi.