Dativa Elikana na Sabato Mbili za Ansab

Wasikilizaji wapendwa, saa yetu ya kuwataja waliokuwa nasi imewadia. Mlio jikoni, punguzeni moto. Mlio njiani mkitoka kazini, ongezeni sauti kidogo. Mimi ni Nawar, na leo tunamkumbuka dada Dativa Elikana. Dativa Elikana, mzaliwa wa Majita, Musoma, mkazi wa Ansab hapa Maskati. Alifariki Alhamisi, wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka arobaini na minne.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, na wafanyakazi wa nyumbani hawabandikwi picha ukutani. Lakini nenda Wadi Kabir, uliza kwa Watanzania wa kule habari za Dada wa Jumamosi. Watacheka kwanza, kisha watakusimulia. Dada wa Jumamosi ndiye Dativa.

Baba yake, marehemu mzee Elikana, alikuwa Msabato, mkulima wa mihogo. Mama yake, Mama Eufrasia, ni Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki mpaka kesho. Nilimpigia simu juzi. Akaniambia hivi: "Tuligawana, mwanangu. Mimi nikachagua jina la mtoto, mzee akachagua siku ya kusali. Nilidhani nimechukua fungu kubwa. Kumbe wapi."

Wapi, kweli. Kwa mzee Elikana, Ijumaa jua halijazama, maji yameshachotwa, mihogo imeshachemshwa na nguo zimeshapigwa pasi. Jua likizama, jembe chini. Hakuna kulima, hakuna kufua, hakuna kwenda gulioni, mpaka jua la Jumamosi lizame. Dativa alilelewa hivyo, na hakuwahi kujua wiki ya namna nyingine.

Mwaka 2014 akaja Maskati. Alimwacha binti yake, Conjesta, kwa bibi yake. Na kwa hilo jina la Kikatoliki mnaona wenyewe nani alishinda. Nyumba ya kwanza ilimpa mapumziko ya Ijumaa, kama wafanyakazi wengine wote. Dativa akaomba Jumamosi. Akaambiwa Jumamosi kuna kazi. Akavumilia miezi mitatu, wa nne akakataa kufanya kazi siku hiyo. Akarudishwa kwa wakala aliyemleta.

Nyumba ya pili ilikuwa Mawaleh. Waliahidi Jumamosi, na kwa muda wakatimiza. Baadaye wageni wakazidi. Jumamosi moja aliambiwa akaange sambusa, akasema atakaanga jua likizama. Kabla ya adhuhuri begi lake lilikuwa getini. Nyumba mbili, kufukuzwa mara mbili, kwa ajili ya siku ile ile.

Wakala hakumung'unya maneno. Alimwambia nafasi imebaki moja. Akirudishwa mara ya tatu, ni tiketi ya kwenda kwao. Na wakati huo Conjesta alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo cha uuguzi, anasomeshwa na mama yake.

Basi mwaka 2017 wakala akamjia anacheka. Akasema, "Nimekupatia watu wako. Hawa ni watu wa Sabato. Ijumaa jua likizama, kila kitu kinasimama. Jumamosi hawagusi kazi." Dativa alilia kwa furaha. Hakuuliza zaidi, na wakala hakueleza zaidi. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Nyumba ilikuwa Ansab. Wenyewe ni Wayahudi kutoka Mumbai. Bwana Nissim ni mhandisi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari, na mkewe anaitwa Bi Simha. Chumba chao cha mbele kilikuwa ndiyo sehemu ya sala. Kabati lenye pazia, ndani yake hati ya Torati iliyokunjwa, na viti vimeelekezwa upande mmoja. Wenzao wachache walio kazini hapa Maskati hukutana humo kila Sabato. Nje hakuna bango wala alama. Wafanyakazi wa mtaa ule waliiita sinagogi, basi nasi tuite hivyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu hawa ni kweli hawagusi kazi siku hiyo. Hawawashi moto, hawazimi taa, hawapandi gari, hata simu hawashiki. Na kwa sababu hiyo hasa walitafuta mfanyakazi wa dini nyingine, awe anashika yale wasiyoweza kushika wao. Wao walimtafuta mtu wa kufanya kazi Jumamosi. Yeye alidhani amepata mahali pa kupumzika Jumamosi. Kila upande umeridhika, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Alifika Jumanne. Ijumaa yake ya kwanza alifanya kazi kama amepagawa. Akafagia, akapika, akapanga meza. Bi Simha akamwonyesha kuku wao anayejazwa wali na kuachwa jikoni kwenye moto mdogo mpaka kesho yake mchana. Dativa akamteleka vizuri. Jua lilipokaribia kuzama Bi Simha akawasha mishumaa yake miwili. Adhana ya Magharibi ikasikika msikitini. Dativa akaenda kuoga, akavaa nguo yake nyeupe, akachukua kitabu chake cha sala, akaketi kwenye kiti cha jikoni.

Wageni wakaja kwa miguu, wakasali, wakala. Sahani zikarundikana. Bi Simha akaingia jikoni. Na kwa desturi yao, siku ile mtu haagizwi kazi waziwazi. Unasema tu hali ilivyo, aliyekusikia aelewe mwenyewe.

"Dativa, vyombo ni vingi leo," akasema, kwa kile Kiarabu chao cha jikoni.

"Ni vingi kweli, mama," Dativa akajibu, akafunua ukurasa.

Bi Simha akatoka. Akarudi. "Wageni wanapenda chai baada ya chakula."

"Chai ni nzuri sana," Dativa akasema. Akafunua ukurasa mwingine.

Mtu akisikia atadhani ni kiburi. Hakikuwa kiburi, wasikilizaji. Dativa alidhani mama anapiga soga, na alifurahi kwamba mwajiri wake ni mtu wa maongezi.

Bi Simha akaenda kwa jirani. Jirani ndiye mwenye nyumba, Bi Mahbuba, wanatenganishwa na ukuta mmoja tu. Bi Mahbuba ni Mmanga, Mwarabu wa Unguja, Kiswahili kwake ni cha nyumbani. Nilimfuata anisimulie mwenyewe, na maneno haya ni yake.

"Nkamkuta kakaa kitako, kavaa nyeupe. Nkamwambia, mwanangu, hawa wamekuleta uwe ndo mkono wao siku hii. Hawawashi, hawazimi. Wakutegemea wewe. Akanitazama. Akanambia, 'Bibi, na mimi sifanyi kazi leo. Na mimi ni Msabato.' Wallahi nlicheka mpaka nkashika ukuta. Halafu nkaona machozi yanamtoka, nkaacha kucheka."

Kilichomliza ni hesabu ya haraka aliyoipiga kichwani. Nyumba ya tatu ilikuwa inaondoka, na chuo cha Conjesta kinaondoka nayo. Alimwambia Bi Mahbuba yote. Alimwambia amefukuzwa mara mbili. Kisha akasema, "Waambie samahani, bibi. Lakini sitaosha."

Bi Mahbuba akayapeleka maneno mezani kwa Kiarabu. Wageni wakageuka kumsikiliza. Bwana Nissim akauliza swali moja tu. Huyu dada amri hiyo ameitoa wapi?

"Asema ni ile ya nne," Bi Mahbuba akajibu. "Asema ni ya kwenu."

Yaliyofuata nimeyapata kwa Bi Simha. Anasema mumewe aliisukuma sahani yake kando. Kisha akasema, "Amri hiyo inamtaja mtumishi pia, naye apumzike. Nimeisoma tangu utotoni. Na tangu utotoni, nikiisoma, kuna mtu nyuma yangu anaosha sahani."

Vyombo vililala mezani. Jumamosi jioni, nyota tatu zilipoonekana, Sabato yao ikaisha, na wageni wote wakarudi kuosha. Daktari mmoja wa meno alivunja bakuli mbili. Kisha Bwana Nissim akaandika kwenye mkataba kwamba Dativa hatagusa kazi tangu jua kuzama Ijumaa hadi jua kuzama Jumamosi.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Bi Simha mwenyewe anakiri, "Miezi miwili nilinuna." Mgeni mmoja aliacha kuja kabisa, akauliza mtumishi gani huyu anayehudumiwa yeye. Juni yake kiyoyozi kilizima Ijumaa jioni, wakalala wanachuruzika jasho mpaka Bi Mahbuba alipopita asubuhi na kukiwasha bila kuombwa. Baada ya hapo wakafunga saa ya umeme inayowasha na kuzima yenyewe. Wakajifunza kuandaa mapema. Polepole nyumba ikazoea.

Na Dativa akawa askari wa Ijumaa. Saa tisa alasiri anampokonya Bi Simha mwiko. Saa kumi anamwambia Bwana Nissim simu sasa basi, akaoge. Magharibi ya kila wiki alikuwa ameiandika kwa kalamu mlangoni mwa friji. Bi Simha anasema hajawahi kuchelewa mishumaa tangu Dativa aingie nyumba ile, na kwamba mama yake mzazi hakuwa mkali namna hiyo.

Mwaka wa pili wakampa chumba cha nyuma. Jumamosi Wasabato wa Kitanzania wanaopata ruhusa wakawa wanakusanyika humo, saba au wanane, wengi akina dada wa kazi. Mdogo wake Dativa, Obedi, fundi wa magari wa Wadi Kabir, akawa anakuja pia. Mbele Kiebrania, nyuma Kiswahili, nyumba ni moja na siku ni moja. Bwana Nissim aliwahi kulalamika kwamba nyimbo za nyuma zinamfunika. Dativa akamwambia, "Basi na nyinyi imbeni."

Kule mbele wanahitaji wanaume kumi wa dini yao ili sala ya pamoja itimie. Mara nyingi walikuwa tisa. Bwana Nissim anasimama mlangoni anachungulia barabara. Dativa anamwambia, "Mhesabu Obedi."

"Obedi hahesabiki."

"Mbona kwenye kuku anahesabika?"

Hivyo ndivyo walivyoishi, wasikilizaji wapendwa, miaka minane. Conjesta alimaliza chuo. Sasa ni muuguzi.

Jumatano ya wiki ile Dativa alisema kichwa kinamgonga. Shinikizo la damu lilikuwa limempanda. Wakamkimbiza hospitali. Alhamisi alfajiri akafariki. Bi Simha alikuwa ameketi kando ya kitanda, na Obedi mlangoni. Bi Simha anasema hakujua kwamba mtu anaweza kumlilia mfanyakazi wake kama ndugu yake wa tumbo moja. Sasa anajua.

Makaratasi yalikwenda haraka. Ijumaa mchana yalikuwa tayari, na nafasi ya jeneza ikapatikana katika ndege ya jioni ile ile. Nafasi nyingine ilikuwa Jumapili. Obedi akaamua waondoke. Na mimi simlaumu. Alinieleza hivi: "Watu wamelala msibani siku ya pili, mama ana sukari, mvua zimeanza. Nikasema maiti haijui siku. Nikamuuliza Baba Nissim, akasema ni dada yako, amua wewe. Nikampigia mama kumpa habari njema."

Mama Eufrasia akauliza ndege inaondoka saa ngapi. Obedi akamjibu ni jioni hiyo, jua likishazama, na Jumamosi asubuhi watakuwa Dar es Salaam. 

Kisha mama akasema. Huyu ni mama Mkatoliki, anayesali Jumapili, aliyebishana na mumewe miaka thelathini juu ya siku hiyo.

"Obedi, mwanangu alifukuzwa kazi mara mbili kwa ajili ya siku hiyo. Msimsafirishe siku hiyo kwa kuwa tu leo hawezi kusema hapana. Sisi tutangoja."

Jeneza likabaki Maskati. Jumamosi ile, Ansab, watu wa mbele walimaliza sala zao wakaenda kuketi chumba cha nyuma pamoja na watu wa nyuma. Bi Mahbuba naye alikuja akaketi. Jumapili Bwana Nissim aliendesha gari mwenyewe, akamsindikiza Obedi na dada yake mpaka uwanja wa ndege. Dativa Elikana alizikwa Majita siku ya Jumanne, kando ya mzee Elikana.

Kwa niaba ya kipindi hiki, tunampa pole Mama Eufrasia. Pole Conjesta, pole Obedi. Pole Bi Simha na Bwana Nissim, na nyote mliosali naye chumba cha nyuma na chumba cha mbele. Mungu ampumzishe pema.

Nasi tuliobaki tutafakari hili. Wengi wetu hapa tuna Ijumaa yetu, wengine Jumamosi, wengine Jumapili. Siku hiyo unaoga, unavaa vizuri, unakwenda kusali, ukirudi chakula kiko mezani. Aliyekipika naye ana siku yake. Huenda hujawahi kumuuliza ni ipi. Muulize leo, wakati bado anaweza kukujibu.