Mahubiri ya Mazishi ya Fidelis

Kwenye Noah, gari dogo la abiria la kwenda Mkuyuni, mbele yangu alikaa mama mmoja mtu mzima akisoma karatasi zilizochapwa. Jirani yake, mwanamume aliyejitambulisha kuwa ni katekista Gervas, alichungulia bila kuombwa. "Shikamoo, mama. Hayo ni mahubiri?"

"Marahaba. Ya mazishi ya mwanangu, Fidelis. Nilimwomba padre aniandikie."

"Pole sana," alisema Gervas, na angeweza kuishia hapo. "Lakini mahubiri ni ya kusikiliza, mama. Kwenye karatasi hayana sauti, wala watu wa kuitikia amina."

"Siku ile sauti ilikuwepo, na watu walijaa. Mimi sikusikia hata neno, nilikuwa natazama udongo tu. Jioni wakawa wanasema padre kahubiri vizuri mno, nikawaonea wivu. Sasa nasoma. Nikishindwa naziweka karatasi chini, napalilia kabichi, halafu narudi."

"Na yamekufariji?"

"Bado. Kila nikifika padre anapotaja jina lake, naanza tena mwanzo."

Gervas akanyoosha mkono. "Basi nikusomee mimi, tupavuke hapo pamoja."

"Hapana, baba. Ukisoma wewe hutaweza kunisubiri."

Katekista akaanza kueleza kwamba kanisa ni watu, si mtu mmoja na karatasi zake. Alikuwa bado anaeleza gari liliposimama Mkuyuni. Mama alizikunja karatasi, akazificha kifuani ndani ya kanga, akateremka.