Simba wa Pwani na Kikombe cha Hukumu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, upande mmoja lina miguu na upande mwingine limeinuliwa kwa matofali, limeegemea ukuta wa duka lililofungwa, na mbele yake kuna jiko la mkaa, birika la kahawa na ndoo ya kusuuzia vikombe. Wenyewe ni watatu. Kuna Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Kuna Makamu, ambaye havui koti hata jua likiwa la utosi, na mpaka leo hakuna anayejua alikuwa makamu wa nani. Kuna Soli, fundi viatu, ambaye angalau hubishana huku anashona. Wa nne ni Mama Kichanga, mchemsha kahawa, na kichanga chenyewe kiko mgongoni. Lakini yeye huwa hahesabiwi, maana mwenye kumimina haketi. Kijiwe kina sheria moja tu: kikombe cha mwisho cha birika kinaitwa kikombe cha hukumu. Anayekinywa ndiye mwenye neno la mwisho, akishalisema hakuna rufaa, birika linaoshwa na kila mtu anashika njia yake. Kwa ajili ya kikombe hicho watu wameshanuniana, na Makamu aliwahi kuungua ulimi akikiwahi.

Siku hiyo shauri lilikuwa la Mama Kichanga mwenyewe. Kosa lilikuwa lake, aliuliza.

Usiku kucha hakulala. Dada yake, yule aliyemlea tangu mama yao afariki, akamsomesha mpaka kidato cha nne, ameolewa na askari wa wanyamapori, na wanaishi ndani ya ile hifadhi ya taifa ya pwani ambayo msitu wake unateremka mpaka kwenye mchanga wa bahari. Sasa shemeji kahamishwa, mwisho wa mwezi wanapelekwa kituo cha mbali kuliko mbali, na dada hajawahi kumtia mtoto huyu machoni. Gari la hifadhi limekuja mjini kuchukua mahitaji, linarudi kesho alfajiri, ndani kuna nafasi ya mama na mtoto. Mchana huu dada atapiga simu kutaka jibu. Ndiyo hayo tu, wala si makubwa, ila Mama Kichanga tangu ajifungue amekuwa mtu wa hofu, mtoto akilia anaogopa, akinyamaza ndiyo anaogopa zaidi, na mbuga hajawahi kuikanyaga, na bahari ameiona kwenye ramani ya darasani, rangi ya buluu iliyochanika pembeni.

— Wazee wangu, alisema akimimina, nataka kwenda kwa dada kule mbugani, wiki moja tu, ila sijui nijiandaeje, nibebe nini, na mtoto huyu, kuna simba, kuna mbu, kuna bahari, yaani hata sijui nianze kuogopa kipi.

Breki akaweka kikombe chini. Breki akiweka kikombe chini, ujue safari ni ndefu.

— Binti yangu, umekuja mahali penyewe. Mbuga ile naijua kama kiganja changu.

— Umeingia? aliuliza Soli, uzi mdomoni.

— Nimepita.

— Umepita ndani?

— Nimepita barabara kuu. Kibao chake nimekisoma mara nyingi, tena kwa mwendo wa taratibu.

— Basi tuambie kibao kinakula nini.

— Cheka tu. Mimi nazungumzia uzoefu.

Makamu akakohoa, akavuta kola ya koti. Kikohozi chake ni kama kengele ya mkutano.

— Tuanze na sayansi, alisema. Mnyama wa bara anakunywa maji ya mto, anatulia. Huyu wa pwani anakunywa maji gani?

— Ya bahari.

— Yana nini?

— Chumvi.

— Mtu akila chumvi anapata nini?

— Kiu.

— Na mwenye kiu anakuwaje?

— Mkali, alijibu Breki, kisha akashtuka kwa jibu lake mwenyewe.

— Basi! Simba wa pwani ana kiu tangu azaliwe. Hajawahi kuamka na furaha hata siku moja. Wahenga walishasema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Hiyo methali inaingilia wapi hapo, Makamu?

— Inaingia kwa sababu ina maji.

Mama Kichanga hakucheka. Mkono wake ulikwenda wenyewe nyuma, ukapapasa mbeleko, ukaukuta mguu mdogo wa moto, ukaushika.

— Hujasikia bado, alisema Breki. Simba wa bara anakimbia, wa pwani anaogelea. Unamkimbia, unajitosa kwenye maji, unasema nimepona, kumbe umemfuata bafuni kwake.

— Mungu wangu!

— Usimtishe, alisema Soli kwa upole, naye kwa upole huohuo akaleta lililo baya zaidi. Mimi simba simjali. Mimi naujali upepo. Mtoto ananyonya, au hanyonyi?

— Ananyonya, kaka Soli.

— Haya. Harufu ya maziwa na upepo wa bahari ni mtu na shemejiye. Ukishuka kwenye gari tu, upepo unaichukua harufu, unaipitisha msitu mzima kama tangazo. Na anayependa maziwa kuliko wote si simba. Ni nyani.

— Nyani! alisema Makamu, akipiga goti kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako! Wahenga walikuwa wanamsema nyani moja kwa moja. Unageuka kufunga kiatu, ukigeuka tena mgongoni una nyani, na mwanao yuko juu ya mti anabembelezwa.

Hapo moyo wa Mama Kichanga ulidondoka kabisa, ukafika kwenye mkaa. Alijiona amesimama chini ya mti, anaita, na juu kule mtoto anacheka na mama mwingine mwenye mkia. Hofu ina kazi ya ajabu, haikupi nafasi ya kuuliza, inakupa picha tu, moja baada ya nyingine, nawe unazipokea kama mtu anayepokea vyombo vya kuosha.

— Kwa hiyo nisiende?

— Hatujasema usiende, alisema Breki haraka. Tunapanga safari. Safari haipangwi kwa maneno, inapangwa kwa vifaa.

Vikaanza kuja. Breki alivuka barabara mpaka kwake, akarudi na mfuniko wa sufuria. Huu ni wa kugonga, alisema, tembo hapendi kelele za jikoni. Soli akatoa kengele ya baiskeli, ya kumfunga mtoto kiunoni ili hata akibebwa juu ya mti asikike. Akaongeza kipande cha tairi cha kuvaa miguuni kwa ajili ya nyoka. Makamu, kwa uchungu wa mtu anayetoa mali, akatoa mwavuli wake mweusi.

— Na zaidi ya yote, alisema, ukimwona mnyama usimpe mgongo. Tembea kinyumenyume. Yeye anadhani unaondoka.

— Si ndiyo anaondoka kweli? aliuliza Soli.

— Kwa heshima lakini. Kwa heshima.

— Na nyuma kukiwa bahari?

Makamu alifikiri. Mkaa ulipasuka kidogo.

— Ndiyo maana nimempa mwavuli.

Mama Kichanga akatazama lile lundo, mfuniko, kengele, tairi, mwavuli, akaukumbuka mkoba aliouandaa nyumbani, mdogo, una nguo za mtoto na kijishati kipya alichomnunulia mpwa wake wa mwisho. Akaona mkoba wake ni wa mjinga. Akaona bora dada amwelewe tu, watu huwa wanaelewana kwa simu. Akalinyanyua birika kulipima kwa mkono, kama afanyavyo kila siku. Vilibaki vikombe viwili. Na wale watatu, ambao masikio yao yanajua sauti ya birika kuliko sauti za wake zao, wakasogea mbele kwa pamoja.

— Mimi hukumu yangu iko tayari, alisema Breki. Asiende.

— Asiende, alisema Makamu. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Wewe si mkuu. Wewe ni makamu.

— Basi atavunjika kidole.

Wakati huohuo akaja mwanamke mmoja anayechechemea, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, imekatika ukanda. Si wa mtaa ule. Alijitupa kwenye benchi upande wa matofali, benchi likayumba, Makamu akashika koti.

— Hamjambo hapa? Fundi nani? Nishonee, kaka, nawahi. Na wewe mama, nipe kahawa.

Akapewa, kikombe cha kabla ya hukumu. Soli akaichukua kandambili, na huku anashona wakamweleza mgeni yote, kwa zamu, kiu ya simba, upepo, nyani, kila mmoja akiongeza pale alipodhani mwenzake amepunguza. Mwanamke alipuliza kahawa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mama Kichanga, hao wengine akawaacha.

— Mdogo wangu, huyo dada yako ana watoto?

— Anao. Watatu.

— Wanakaa wapi?

— Si hukohuko mbugani, na yeye. Wawili wamezaliwa huko.

— Ahaa. Na wangapi wameshaliwa?

Sindano ya Soli ilikwama katikati ya soli. Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aache lori, breki zikashika. Makamu akatazama ndani ya kikombe chake kitupu, kana kwamba jibu limebaki na machicha.

Naye Mama Kichanga akawasikia watoto wa dada. Juzi tu aliwasikia kwenye simu, watatu wale, wanapiga kelele nyuma ya mama yao, wanagombania nani atalala na mtoto mgeni, mmoja analia kwamba mwenzake amemnyang'anya kombe la baharini, na dada anasema nyamazeni nisikie. Hakuna aliyekuwa juu ya mti. Vipi alilisahau hilo? Hofu ilikuwa imekaa mbele ya mlango wa kumbukumbu kama mtu mnene.

— Labda, alisema Breki kwa sauti ndogo, wamezoeana.

— Na huyu atazoea, alisema mwanamke, akanywa kahawa yake.

Soli akaitoa sindano, akashusha pumzi.

— Jamani, tuache kumwonea binti wa watu. Breki, sema ukweli. Wewe simba hakuhusu. Akiondoka huyu, wiki nzima kahawa anachemsha nani?

— Wewe uliyeleta nyani ndiye unasema hivyo?

— Nyani nilimleta kwa ajili ya kahawa hiyohiyo!

— Hata mimi, alisema Makamu, bila aibu hata ya kukopa, nilitanguliza usalama wa kijiwe.

Mama Kichanga akawatazama, mmoja mmoja, wazee wazima, mabingwa wa simba, wameogopa birika tupu. Kikamjia kicheko. Kilianzia chini, kikamtikisa mpaka mgongoni, na kichanga kilichokuwa kimelala kikaamka, kikacheka nacho bila kujua kinacheka nini.

Breki, kwa mazoea, akanyoosha kikombe kupokea cha hukumu. Makamu naye akanyoosha. Vikagongana.

Mama Kichanga hakumimina kwa yeyote. Aliinama, akachukua kikombe kwenye ndoo, akakipangusa kwa ncha ya mbeleko, akakijaza chote mpaka birika likalia tupu.

— Songeni, alisema.

— Eti?

— Nimesema songeni, nataka kukaa.

Wakasonga. Akakaa katikati ya Breki na Makamu, kwenye benchi alilolihudumia siku zote hizi bila kujua kama ubao wake ni wa moto au wa baridi. Ulikuwa wa moto. Akanywa. Kahawa yake mwenyewe, chungu, nzito, nzuri, loo, kumbe ndiyo maana wanagombana!

— Sheria hairuhusu, alisema Makamu, sauti inakatika.

— Sheria inasema anayekinywa. Mimi ninafanya nini, Makamu?

— Unakinywa.

— Rufaa ipo?

— Rufaa hakuna, alijibu Soli, kama anavyojibu siku zote, kisha akagundua alichojibu, akacheka peke yake.

— Basi sikilizeni hukumu. Kesho alfajiri naenda kwa dada yangu. Breki utanunua mkaa. Kaka Soli utaosha vikombe, tena na sabuni. Makamu utachemsha. Na maji yachemke kwanza ndipo kahawa iingie, usiende kinyumenyume kama vile umemwona simba.

Mwanamke mgeni akapiga makofi, kandambili ikiwa bado kwenye goti la Soli.

— Mimi, alisema Breki, ukweli usemwe, nilisema tangu mwanzo aende.

— Lini?

— Moyoni.

Simu ikaita ndani ya mbeleko. Mama Kichanga akasimama, akamalizia funda la mwisho, na kutoka kwenye lile lundo akachukua kitu kimoja tu, mwavuli wa Makamu, kwa ajili ya jua la mtoto. Makamu akautazama ukienda, akameza mate, akakumbuka hakuna rufaa.

— Haloo, mdogo wangu, dada alisema, na nyuma yake wale watatu walikuwa wakigombana kama kawaida, wazima, wote watatu. Niambie basi. Unakuja, au bado unaogopa?

— Vyote viwili, dada, alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa mpaka ng'ambo ya barabara wakageuka. Waambie hao wapeane nafasi kitandani.