Mashine ya Boti ya Zahanati ya Chinyanje na Kufuli Lililovunjwa

Risala ya wananchi wa Kijiji cha Chinyanje kwa Mkuu wa Wilaya, siku ya kufungua wodi ya wazazi, Julai 2002. Imesomwa na Bi. Mwanakombo Hemedi.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wananchi wa Chinyanje tumefurahi kukuona umefika salama, maana barabara ya kuanzia Mahurunga tunaijua. Karibu, na pole kwa vumbi.

HISTORIA YA BOTI

Mheshimiwa, mwaka 1994 mradi wa afya ulituletea boti ya bati na mashine ya nguvu za farasi ishirini na tano, ya kubebea wagonjwa Ruvuma inapofurika. Miaka miwili baadaye mradi ulifunga virago, fundi wake akarudi mjini Mtwara, na mashine ikafungiwa stoo ya zahanati. Ufunguo ulipelekwa mjini. Sisi tuliambiwa tusiguse mali ya Serikali, nasi hatukugusa.

Muuguzi wetu, Esta Haule, alifika mwaka 1997 akitokea Songea. Kazi ya kwanza tuliyomwona akiifanya ni kufungua jokofu la chanjo linalotumia mafuta ya taa. Lilikuwa linatoa moshi. Alichomoa utambi, akazibua tundu la moto, na tangu siku hiyo halijazimika. Tulisema tumepata muuguzi mwenye mikono.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utuvumilie, kwa sababu fanikio letu ni moja na lina maneno mengi.

Machi mwaka huu mto ulipanda mpaka uwanja wa mpira. Asubuhi ya siku ya tatu ya mafuriko, Shamimu, mke wa Ismaili mwenye duka, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto amelala kimshazari tumboni. Esta alimpima, akatoka nje, akanawa.

Alipiga simu ya upepo. Gari la wagonjwa lilikuwa tayari kusubiri Mahurunga, ng'ambo ya mafuriko. Aliuliza ufunguo wa stoo. Akajibiwa mwenye nao amesafiri. Aliuliza tena, na mara ya tatu. Kisha akachukua nyundo.

"Sista, hiyo ni mali ya Serikali," alisema Mwenyekiti wetu, Mzee Rashidi.

"Na Shamimu ni wa nani, Mzee?" alijibu, akapiga kufuli mapigo manne.

Filipo, mvuvi aliyewahi kuendesha boti hiyo enzi za mradi, aliifunga mashine nyuma ya boti pale uwanjani na kuvuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Kimya. Wengi wetu tulisema imekufa.

"Miaka sita imelala," alisema Esta. "Tuiulize kwanza inaumwa wapi."

Alichomoa plagi zote mbili, akazisugua kwa msasa, akazigusisha kwenye chuma huku Filipo akivuta kamba. Cheche zikaonekana, za buluu. Basi umeme upo, akasema, shida ni chakula. Alinusa tangi: petroli ilikuwa inanuka kama rangi ya mlango. Akaimwaga yote. Alipofungua kabureta, alikuta mafuta ya zamani yameganda chini kama utomvu wa mkorosho, na kitundu cha kupitishia petroli hakionekani kabisa. Hakukichokonoa kwa msumari kama alivyoshauriwa na watu wengi. Alikilowesha kwa petroli safi ya pikipiki ya Ismaili, akapuliza kwa bomba la sindano, akalowesha, akapuliza, mpaka akaona mwanga upande wa pili. Oili ya kuchanganya na petroli hiyo tangini tulitoa kwenye akiba ya mashine za kupulizia mikorosho.

Mvuto wa tano, mashine ikanguruma. Tulipiga vigelegele. Ismaili alikuwa tayari amembeba mkewe.

"Zima!" Esta alipaza sauti.

Filipo hakuamini. "Sista, imewaka!"

"Haitoi maji ya kuipoza nyuma. Ikiungulia katikati ya mto tutafanyaje?"

Ismaili alilia mbele ya watu. Esta hakumtazama, anasema angemtazama angeiacha iende hivyohivyo. Alichungulia tundu la maji na kukuta nyigu wameliziba kwa udongo. Akalizibua kwa sindano ndefu, taratibu. Ilipowashwa tena, maji yakatoka kama mshipi mwembamba. Ndipo akapanda.

Shamimu alipasuliwa jioni hiyo hospitali. Mtoto ni wa kike, ana miezi minne, na kelele unazozisikia nyuma ni zake.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, mwezi wa tano Sista Esta alipokea barua ya kumtaka ajieleze kwa kuvunja stoo na kutumia mali ya Serikali bila kibali. Alitukataza tusiitaje leo. Tumemkatalia.

Jambo linalotuuma zaidi ni letu. Siku ile tulikuwa watu zaidi ya sitini pale stoo. Hakuna aliyempokea nyundo. Tulisimama tukitazama.

MAOMBI

Tunaomba ufunguo wa stoo ukae kijijini. Tunaomba mashine iwe inawashwa kila mwezi. Filipo amekwisha kufundishwa, na kuisuuza kwa maji baridi anajua.

Na tunaomba upokee karatasi hizi. Ni maelezo yetu, yana majina na alama za dole gumba za watu mia mbili na kumi na wanne, na jina la kwanza ni la Mzee Rashidi. Yanasema kufuli lilivunjwa na Kijiji cha Chinyanje. Kama kuna adhabu, igawanywe.

Huenda unajiuliza kwa nini kiti kimoja pale mbele ni kitupu. Ni cha Sista Esta. Leo ni siku ya chanjo, amesema akimaliza foleni atakuja kukusalimu.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akujalie afya na moyo wa kusikiliza.

Ni sisi, tuliochelewa kushika nyundo,
Wananchi wa Kijiji cha Chinyanje.