Nakala ya Arobaini na Moja

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi, dada yake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fungua, nami naomba mnivumilie, maana mwenyewe alikuwa akinisahihisha kila niliposoma kwa sauti.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya posta, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na jina la Fungua alilipata akiwa na miaka saba, baada ya kuifungua redio ya baba ili aone msomaji wa habari amekaa wapi, akachapwa, kisha akaomba aruhusiwe kumalizia upande wa nyuma.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akaingia sekondari mwaka 1973, na kuanzia 1977 hadi 1979 alisomea ufundi wa elektroniki chuoni, ambako kitabu cha michoro ya saketi kilikuwa kimoja kwa wanafunzi thelathini, na kila aliyekipata alikificha chini ya godoro. Zamu yake ilipofika, kaka alikinakili chote kwa mkono, akabandika nakala ukutani ukurasa mmoja mmoja, na alipoambiwa kwamba anawasaidia washindani wake, alijibu kwamba afadhali akosolewe na watu thelathini kuliko kukosea peke yake.

Tarehe 2 Januari 1980 aliajiriwa na kituo cha redio kama fundi mitambo, na tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na wifi yetu, mwalimu wa hisabati, ambaye hadi leo hajapata jibu kwa nini pasi yake mpya ilifunguliwa siku ya tatu ya ndoa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, na wajukuu wanne.

Alipostaafu mwaka 2008 alifungua karakana ya chumba kimoja, mkabala na kinyozi, na humo akawa anagawa bure michoro, karatasi za maelezo ya vipuri na msimbo wa programu zake, yaani yale maagizo yanayoiongoza mashine, kwa sharti moja tu, kwamba anayechukua nakala aandike daftarini yeye ni nani na anaipeleka wapi, na akigundua kosa arudi aliandike humo humo, kwa wino mwekundu. Kutoa ni moyo, lakini kaka alipenda zaidi kurudishiwa makosa yake.

Msimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kudhibiti joto, na watu arobaini na mmoja waliuchukua. Aprili 2013 kaka naye akauweka kwenye kisanduku chake cha kutotoleshea vifaranga, umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikashindwa kupima joto upya, ikazidi kuongeza moto, na asubuhi tukakuta mayai ya kuchemsha. Sisi tulicheka, yeye hakucheka, alichukua daftari akaanza kupiga simu, na kabla ya mwaka kwisha watu arobaini walikuwa wamejibu na kurekebisha. Wa arobaini na moja, aliyekuja tarehe 3 Septemba 2012, hakuacha namba, aliandika tu kwamba yeye ni fundi mwenye kofia, na msimbo ni wa kitanda cha joto cha watoto wachanga, hospitali.

Mstari huo ulimtesa kaka miaka kumi na moja. Alizunguka hospitali moja baada ya nyingine, akasimamisha wenye kofia barabarani hadi wifi akakataa kutembea naye, na hata figo zilipoanza kumsumbua Februari 2022, akawa analazwa na kutoka, aliwaomba wauguzi wamsukume kwenye kiti cha magurudumu hadi wodi ya watoto akakague vitanda. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, na swali lake la mwisho kwangu lilikuwa kama yule wa kofia amepatikana. Nilimjibu bado, kwa sababu sikuwahi kuweza kumdanganya.

Juzi Alhamisi, baada ya mwanawe kuwatumia mafundi tangazo la msiba, nao wakalisambaza kwa wenzao, aliingia hapa mzee mmoja, akavua kofia, akaomba daftari. Alitueleza kwamba kosa lile aliligundua wiki ya kwanza, kwa kuwa aliuzima na kuuwasha umeme mara ishirini kabla hajakubali mtoto yeyote alazwe humo, akalirekebisha, akarudi Oktoba 2012 kuliandika kama sharti lilivyotaka, akakuta karakana imebomolewa kupisha barabara. Kaka alikuwa amehamia mtaa wa pili tu, na yeye aliyeandika maelezo ya kila waya hakuacha hata kikaratasi cha kusema yuko wapi. Ndugu zangu, nilimkasirikia marehemu, nikacheka, halafu nikalia sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa waliokisukuma kile kiti, majirani walioacha shughuli zao kukaa nasi, wafanyakazi wenzake wa redio, na mafundi wote mliofika, na daftari liko mezani karibu na mlango, pamoja na kalamu nyekundu, kwa yeyote aliyesikia kosa katika haya niliyosoma.

Kaka, wa arobaini na moja amejibu, na hakuna mtoto aliyeungua. Sasa pumzika kwa amani.