Mgombea wa Benchi la Célestine

Benchi la mama Célestine liko pale barabara ya soko la Kasongo inapopinda kuelekea misheni, na ukitaka kujua yasiyokuhusu, keti hapo saa nne asubuhi. Kahawa ina tangawizi nyingi, wanywaji wana kazi chache. Siku hiyo Pitchou, mwalimu wa darasa la nne, alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Saa tisa mchana walimu wa Kasongo na Kabambare wangemchagua kiongozi wa sendika yao, chama cha kuwatetea kazini, na yeye, na miaka yake thelathini na miwili, alikuwa ameandikisha jina ashindane na mwalimu Michel, aliyekikalia kiti hicho miaka kumi na saba. Aliutaka uongozi huo kiasi cha kukosa usingizi wiki nzima. Benchi zima lilikuwa upande wake, jambo ambalo peke yake lingemtia mashaka mtu mwenye uzoefu.

— Kumi na saba! alianza Roger, karani mstaafu, ambaye walimbandika jina la Katiba kwa vile hutaja vifungu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Sheria iko wazi. Mutu hapana kukalia kiti mupaka kiti kinashika umbo lake.

— Kifungu gani hicho, Papa Katiba?

— Cha nyuma-nyuma kule.

Iliasi, fundi wa simu, ndiye waliyemwita Radio. Aliweka kikombe chini.

— Miye nawaambia, si kiti. Ni Lusangi! Juu ya nini kila mwezi anapitaka kule? Walimu wa Lusangi hawafike hata makumi mbili. Yule muzee iko na shimo la zahabu, kabisa.

— Ulimuona nalo?

— Mwenye shimo nani anamuonaka? Ukimuona mutu shimoni, ujue si lake.

Hoja hiyo iliwapendeza sana. Bruno peke yake hakuridhika. Huyo walimwita Inspekta, ingawa maishani mwake hajakagua kitu zaidi ya baiskeli anazozitengeneza.

— Shimo ni jambo kidogo. Michel anataka kuwa depute, aende bungeni. Muangalie vizuri: hakuna matanga anakosaka. Na mwaka jana kule Kabambare, mukubwa fulani si alijaza mihogo yake ndani ya nyumba ya masomo? Michel alikaa mulangoni siku tatu, mupaka magunia yakatoka na watoto wakaingia. Mutu anafanya vile bure?

— Lakini ilikuwa vizuri, alisema mama Célestine.

— Ndiyo hatari yenyewe, mama! Mubaya unamujua. Muzuri utamujuaje?

— Depute? Unamupunguza! Radio alipaza sauti. Ile daftari yake ya kaki, anayobebaka kwapani, mumeisahau? Majina yote iko mule. Kindu kwenyewe, kwa gavana, wakubwa wanalala jicho moja wazi. Hata majina ya wapiga kura hawajazaliwa bado iko mule!

— Hawajazaliwa, namna gani?

— Anajipanga mapema!

Wakacheka, na Pitchou akacheka nao. Ila kicheko chake kilikuwa kifupi. Miaka miwili nyuma direkta wa shule yake alimfukuza kazi kwa maneno ya kuambiwa, na ni Michel aliyekwenda kumtetea mbele ya wazazi, akarudishwa darasani kesho yake. Hakuona haja ya kulitaja hilo benchini.

— Sina ubaya naye, alisema. Ila muzee amechoka. Sendika inahitaji ofisi na kompyuta. Siku hizi mutu hawezi kuongoza na miguu.

— Eh, prezida huyo! alisema Katiba.

Hapo pikipiki ikasimama, akashuka mwanamke wa makamo, matope yamempanda mpaka magotini. Alikuwa direkta wa shule moja ya msingi ng'ambo ya Kabambare, jina lake Dieudonnée, na alikuwa njiani tangu juzi kuja kupiga kura.

— Jambo yenu. Mama, nipe kahawa, mugongo wangu umekwisha.

— Karibu, direkta! alisema Radio. Umefika pazuri. Prezida wako mupya huyu hapa, ni kura tu bado.

Mama Dieudonnée alimtazama Pitchou kwa heshima, bila kicheko.

— Vizuri, mwalimu. Basi nikuulize. Mwalimu wangu wa la sita ameacha darasa, iko nachimba zahabu Lusangi, karibu na kwetu. Watoto makumi tatu na moja iko na mutihani bado juma sita. Ndugu zake walimuendea, padri alimuendea, wapi! Wewe utamuambia nini?

Pitchou akatazama upande wa Katiba.

— Amusomee sheria, alisema Katiba.

— Walimusomea.

— Amutishe kumufukuza, alisema Inspekta.

— Amejifukuza mwenyewe.

— Nitamuandikia barua, alisema Pitchou.

— Shimoni, mwalimu?

Radio alikiinua tena kikombe chake. Pitchou akauliza polepole:

— Na Mwalimu Michel anawaambiaka nini walimu wa vile?

— Sijui. Anavuaka viatu, anaingia nao shimoni, anachimba nao mupaka jua linakwenda. Walimu wane amenirudishia hivyo. Walichoongea hawakunieleza.

Pitchou aliona haya, haya hasa, zikampanda mpaka masikioni. Benchi likatafuta pa kutazama.

— Unarudi lini, mama? aliuliza Pitchou.

— Kesho alfajiri.

— Kwenye piki iko nafasi?

— Ya mutu mumoja. Ni ya Mwalimu Michel.

— Na akishindwa leo?

Mama Dieudonnée alipuliza kahawa yake.

— Nilimuuliza ile kwa simu. Alisema akishindwa ni vizuri zaidi, atapata kukaa kwetu juma muzima.